Clarence Birdseye: Baridi Huhifadhi Samaki, Haimfufui

Mji wetu wa Isiolo hauna bahari wala ziwa. Mto tulio nao jirani ni Ewaso Nyiro, unaopita kaskazini yetu pale Archers Post ukielekea kwenye kinamasi cha Lorian. Watu wa huku wengi ni wa mifugo: ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Miongoni mwa wazee wa Kiborana na wa Kisomali wapo mpaka leo wasiotaka hata harufu ya samaki ipite mlangoni mwao. Kwa hiyo huenda msomaji akashangaa kumwona mtu wa Isiolo akishika kalamu kuandika habari za Mmarekani aliyepata jina kwa ajili ya samaki. Ninayo sababu yangu, nami nitaieleza kwanza, ingawa hainipi sifa.

Mwezi wa Desemba mwaka wa 2014 nilikuwa nikirudi nyumbani kutoka Mombasa. Asubuhi ya siku ya safari nilinunua jodari wawili wanene. Walikuwa wamelazwa juu ya meza tangu alfajiri bila barafu, lakini walikuwa wakimetameta nami nikawapenda. Niliwatia katika kasha pamoja na vipande vichache vya barafu nilivyonunua dukani, nikapanda basi la jioni. Kabla hatujafika Voi barafu ilikuwa imekwisha kuwa maji. Nairobi nilingoja saa nyingi kupata gari la Isiolo. Nilipofika nyumbani alasiri ya siku ya pili, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 700, niliwanusa samaki wangu, sikusikia ubaya wowote, nikawatia katika friza. Walipoganda kama mawe nilitulia moyo. Nilidhani nimewaokoa.

Baada ya siku tatu tuliwapika kwa nazi. Nilimwalika jirani yangu, mzee wa Kiborana aliyekuwa amepita umri wa miaka sabini bila kutia samaki kinywani. Alikubali kwa ajili ya ujirani tu. Haikupita saa moja, uso wake ukawa mwekundu, kichwa kikamgonga, mwili ukamwasha na moyo ukamwenda mbio. Mimi nikafuata, kisha mtoto wangu wa pili, kisha wageni wengine wawili. Usiku ule tulilala hospitalini sote watano. Tulipewa dawa ya mzio, na kufikia asubuhi tulikuwa tumepata nafuu.

Daktari alinieleza jambo ambalo sikulijua. Samaki wa jamii ya jodari na vibua, wakikaa katika joto, huingiwa na bakteria wanaogeuza sehemu ya nyama yao kuwa sumu iitwayo histamini. Sumu hiyo yaweza kuwamo hata kama samaki hanuki. Ikishaingia, haitoki kwa kuganda, wala kwa moto, wala kwa ndimu. Friza yangu iliwapokea jodari wakiwa tayari na sumu, ikawahifadhi pamoja na sumu yao.

Mzee hakunilaumu hata kwa neno moja. Lakini niliona haya kubwa, maana mtu aliyevunja desturi ya maisha yake kwa heshima yangu nilikuwa nimemlipa kwa kitanda cha hospitali. Ndipo nikaanza kuuliza ni nani aliyewafundisha watu kugandisha samaki, na alijua jambo gani ambalo mimi sikulijua. Hivyo ndivyo nilivyokutana na habari za Clarence Birdseye.

KIJANA WA BROOKLYN

Bwana Birdseye alizaliwa tarehe 9 Desemba, 1886, katika mtaa wa Brooklyn, mjini New York. Baba yake alikuwa wakili, na nyumba yao ilikuwa na watoto tisa, yeye akiwa wa sita. Tangu utotoni hakuwa mtoto wa kukaa ndani. Alipenda wanyama na ndege, akajifunza mwenyewe kuchuna ngozi zao na kuzijaza ili zisimame kama zingali hai.

Alipoingia chuo cha Amherst, katika jimbo la Massachusetts, wenzake walimbandika jina la utani la wadudu, kwa jinsi alivyokuwa akihangaika nao. Alitafuta pesa kwa njia ambazo wengine wasingezifikiria. Aliwakamata vyura na kuwauza kwa bustani ya wanyama ya Bronx ili walishwe nyoka. Hata hivyo mambo ya fedha nyumbani kwao yaliharibika, naye akalazimika kuacha masomo kabla ya kupata shahada. Mtu ambaye jina lake lingekuja kujulikana katika nyumba za mamilioni ya watu hakumaliza chuo kwa kukosa karo.

Alipata kazi katika Idara ya Kilimo ya serikali ya Marekani, akapelekwa katika nchi kavu za Arizona na New Mexico kuchunguza wanyama wa porini. Mnamo mwaka wa 1910 na wa 1911 alikuwa katika milima ya Montana, akisaidia uchunguzi wa homa kali iliyoletwa na kupe. Kazi yake ilikuwa kuwinda wanyama na kuwakusanya kupe waliokuwa juu yao, kazi ambayo yaweza kumwua mtu. Sisi wa Isiolo, tunaojua kupe anavyoweza kumaliza zizi, tunaweza kuipima hatari ile bila kuelezwa sana.

Tena hakuwa mtu wa kubagua chakula. Katika safari zake alionja wanyama ambao wenzake hawakutaka hata kuwaangalia, wakiwamo paka wa mwituni na kicheche. Alitaka kujua kila kitu kina ladha gani, na kwa nini. Tabia hiyo, iliyowachekesha jamaa zake, ndiyo iliyomfaa baadaye.

WAVUVI WA LABRADOR

Mwaka wa 1912 Birdseye alifika Labrador, pwani ya baridi kali kaskazini mwa Amerika, ambayo leo ni sehemu ya Kanada. Alikwenda na Wilfred Grenfell, daktari mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa akiwatibu wavuvi wa pwani ile kwa meli. Alipoona biashara ya ngozi za mbweha ilivyokuwa na faida, alikaa. Alisafiri maelfu ya kilomita juu ya theluji kwa gari la kukokotwa na mbwa. Mwaka wa 1915 alirudi kwao kumwoa Bi. Eleanor Gannett, na mwaka uliofuata alimchukua mkewe pamoja na mtoto wao mchanga wakaishi naye huko.

Taabu yao kubwa ilikuwa chakula. Kwa miezi mingi ya mwaka hakukuwa na mboga wala nyama mbichi ya dukani. Watu walikula samaki wa chumvi, vyakula vya mikebe na vitu vilivyokaushwa. Mtu mwenye mke na mtoto mchanga hawezi kulichukulia jambo hilo kwa mzaha, naye Birdseye akaanza kuangalia wenyeji wanaishije.

Wenyeji wale, Wainuiti, walikuwa wakitoboa barafu na kuvua samaki chini yake. Siku ambazo baridi ilifika nyuzi 40 chini ya sifuri na upepo ukavuma, samaki aliyetolewa majini aliganda mara moja, karibu pale pale mkononi. Majuma mengi baadaye, samaki huyo alipoyeyushwa na kupikwa, nyama yake ilikuwa kama ya samaki aliyevuliwa siku ile. Birdseye hakuishia kustaajabu. Aliona kwamba nyama na samaki waliogandishwa katikati ya majira ya baridi walikuwa wazuri, lakini waliogandishwa mwanzoni au mwishoni mwa majira, wakati baridi si kali sana, walikuwa wakilegea na kupoteza utamu. Baridi ilikuwa ni ile ile baridi. Tofauti ilikuwa katika mwendo wake.

Sababu yake si ngumu. Mwili wa samaki una maji mengi, na maji yakiganda hufanya chembe za barafu. Yakiganda polepole, chembe hizo hukua kubwa zenye ncha na kupasua nyama kwa ndani, kama chupa ya maji iliyosahauliwa katika friza inavyopasuka. Samaki wa namna hiyo akiyeyushwa huchuruzika maji na kubaki kama kitambaa. Yakiganda upesi, chembe huwa ndogo sana na nyama hukaa salama. Tena kuna faida ya pili, nayo kwetu sisi wa nchi za joto ndiyo kubwa zaidi: samaki anayekutana na baridi upesi hawapi bakteria nafasi ya kuanza kazi yao.

Ni haki tuseme wazi kwamba ujuzi huu ulikuwa wa Wainuiti kabla haujawa wa Birdseye. Wao waliujua tangu zamani kwa kuuishi. Yeye aliuliza kwa nini, kisha akajaribu kuutia katika mashine.

KUFILISIKA NA KUANZA UPYA

Familia ilirudi Marekani mwaka wa 1917, nchi hiyo ilipoingia katika vita. Baadaye Birdseye alifanya kazi na chama cha wafanyabiashara wa samaki, akaona kwa macho yake jinsi samaki walivyoharibika njiani kati ya bandari na soko. Samaki waliogandishwa walikuwapo madukani tayari, lakini waligandishwa polepole, na mara nyingi ni wale walioshindwa kuuzwa wakiwa wabichi. Wanunuzi walikuwa na haki ya kuwadharau.

Husimuliwa kwamba alianza majaribio yake akiwa na vifaa vya dola 7 tu: feni, ndoo za maji ya chumvi na mapande ya barafu. Mwaka wa 1923 alifungua kampuni mjini New York, karibu na soko la samaki la Fulton. Mwaka wa 1924 kampuni hiyo ilifilisika. Watu hawakutaka samaki wa kugandishwa, hata awe mzuri namna gani, kwa sababu walikuwa wamekwisha kudanganywa mara nyingi.

Mtu mwingine angerudi kwenye kazi ya mshahara. Birdseye alikopa kwa bima ya maisha yake, akapata wenzake wa kushirikiana nao, akahamia Gloucester, bandari ya wavuvi katika jimbo la Massachusetts. Hapa naomba msomaji asimame kidogo, maana ndipo lilipo jambo nililolikosa mimi na jodari wangu. Katika jaribio la kwanza alikuwa karibu na soko. Katika jaribio la pili alikwenda kukaa karibu na mashua. Aliipeleka baridi kwa samaki, badala ya kungoja samaki aje kwenye baridi akiwa amekwisha choka.

Huko Gloucester, mnamo mwaka wa 1925, alitengeneza mashine yake iliyokuja kuwa mashuhuri. Samaki walipasuliwa, wakatolewa miiba, wakapangwa katika masanduku membamba ya karatasi ngumu, kisha masanduku yakabanwa baina ya mikanda miwili ya chuma iliyopozwa kwa maji ya chumvi kufikia kama nyuzi 40 chini ya sifuri. Baridi iliingia kutoka juu na kutoka chini kwa pamoja. Wembamba wa sanduku ulikuwa ni siri nusu ya kazi, kwa kuwa kipande kinene huganda nje mapema huku moyo wake ukibaki na joto kwa muda mrefu.

Mwaka wa 1929 kampuni na hati zake za uvumbuzi ziliuzwa kwa dola milioni 22, mwaka ule ule ambao soko la hisa la New York lilianguka mwezi wa Oktoba. Wanunuzi wake ndio waliounda kampuni kubwa ya General Foods. Jina lake lilikatwa mara mbili likawa la biashara, Birds Eye, yaani jicho la ndege, na yeye mwenyewe akaendelea na kazi ya utafiti.

Tarehe 6 Machi, 1930, vyakula vilivyogandishwa kwa njia yake vilianza kuuzwa katika maduka 18 ya mji wa Springfield, Massachusetts. Kulikuwa na samaki, nyama, njegere, mchicha na matunda. Hata hapo haikuwa rahisi. Wenye maduka hawakuwa na friza, na akina mama hawakuwa nazo majumbani. Katika miaka iliyofuata kampuni ililazimika kuwakodisha wenye maduka makabati ya baridi, na baadaye mabehewa ya reli yenye baridi yakaongezwa. Walifahamu kwamba samaki aliyegandishwa vizuri Gloucester, akiyeyuka njiani kwa saa chache, amepoteza kazi yote iliyofanywa. Baridi ni mnyororo, na pingu moja ikikatika mnyororo mzima umekatika.

FUNZO LA KALOKOL

Sisi wa Kenya tumekwisha kuliona jambo hili kwa gharama kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Norway, kiwanda cha kugandisha samaki kilijengwa Kalokol, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Nia ilikuwa njema. Lakini kuwagandisha samaki katika nchi ya joto kama ile kulihitaji umeme mwingi na maji safi mengi, na gharama yake ikawa kubwa kuliko bei ambayo samaki wangeweza kupata sokoni. Mitambo ya baridi ilifanya kazi siku chache tu ikazimwa. Miaka michache baadaye ukame ukalisukuma ziwa mbali na ghuba ya Ferguson, mahali walipokuwa wakivua.

Wavuvi wa Kiturkana, na Waelmolo wa ng'ambo ya pili huko Loiyangalani, waliendelea kuwapasua samaki wao na kuwaanika juani kama zamani. Hawakuwa wajinga. Jua lilikuwapo kila siku bila malipo, na samaki aliyekauka vizuri husafiri mbali bila kuhitaji waya wa umeme. Ndugu zao Wainuiti walikuwa na baridi ya bure, wao walikuwa na jua la bure. Birdseye mwenyewe, katika miaka yake ya baadaye, alishughulika sana na njia za kukausha vyakula, na nadhani asingewacheka.

Hata hapa Isiolo wapo wanaoujua mnyororo huu bila kufundishwa na Mmarekani. Akina mama wa maziwa ya ngamia hupokea mitungi kutoka malishoni, hufungua mmoja mmoja, hunusa na kuonja, na mtungi ulioanza kuchacha hautiwi pamoja na mingine. Kisha maziwa hupozwa na kupakiwa katika mabasi yaendayo Eastleigh, Nairobi. Kila mmoja wao anajua ni saa ngapi maziwa yalikamuliwa. Laiti ningemwuliza mwuza jodari swali hilo moja wanaloliuliza akina mama hawa kila siku.

MWISHO WA SAFARI YAKE

Birdseye hakustarehe juu ya mali yake. Alivumbua taa za joto, mkuki wa kuvulia nyangumi usiorudisha kishindo kwa mpigaji, na vitu vingine vingi. Katika miaka ya 1950 alikwenda Peru kushughulikia njia ya kutengeneza karatasi kwa makapi ya miwa. Alifariki dunia mjini New York tarehe 7 Oktoba, 1956, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 69. Majivu yake yalitawanywa baharini karibu na Gloucester, katika maji yale yale yaliyompa samaki wake. Mwaka wa 2005 jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani.

KWETU SISI WANUNUZI

Samaki wabichi wanaofika Isiolo kutoka Ziwa Victoria husafiri zaidi ya kilomita 400, na joto la mchana wetu hufika nyuzi 30. Katika joto hilo ngege asiye na barafu hamalizi siku akiwa salama. Lakini ngege huyo huyo akizikwa katika barafu mara tu atokapo majini aweza kukaa zaidi ya majuma mawili. Samaki wa maji ya joto, wajapotoka katika nchi yenye jua kali, hudumu katika barafu kuliko wa nchi za baridi, kwa sababu bakteria walio juu yao hawakuizoea baridi. Hiyo ni neema tuliyopewa, nasi huipoteza kwa kuchelewa.

Basi, mnunuzi mwenzangu, kabla ya kutoa pesa, inua kifuniko cha shavu uangalie matamvua. Yawe mekundu na mabichi, yasiwe ya kahawia yenye utelezi. Macho yawe yamejaa na kung'aa, yasiwe yamezama na kuwa na ukungu. Bonyeza nyama kwa kidole: ikirudi, ni njema, shimo likibaki, mwache. Magamba yashike mwilini, na tumbo lisiwe limepasuka. Harufu iwe ya maji ya ziwa au ya bahari, isiwe chungu ya kuchoma pua. Ukiwa unanunua aliyegandishwa, angalia mfuko. Ukiona maji yaliyoganda chini yake kama kidimbwi, ujue aliwahi kuyeyuka akagandishwa tena. Kwa jodari, nguru na vibua usitegemee pua peke yake. Uliza walikutana na barafu saa ngapi, na mwuzaji akishindwa kujibu, nunua kitu kingine.

Ukiwa unasafiri naye, barafu iwe na uzito sawa na wa samaki, wala si vipande vinne kama vyangu. Mtoe matumbo na matamvua, mwoshe kwa maji safi, panga barafu chini, samaki katikati, barafu juu, na kasha liwe na tundu la kutolea maji. Nyumbani, katika jokofu lenye baridi ya nyuzi 0 hadi 4, mpike katika siku moja au mbili. Ukitaka kumweka zaidi, mkate vipande vyembamba, mfunge vizuri, umtie katika friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri siku ile ile, bila kuijaza friza kwa mara moja. Umeme ukikatika, usiifungue. Friza iliyojaa na kufungwa hushika baridi yake kwa kama siku mbili, na iliyojaa nusu kwa siku moja. Samaki aliyeyeyuka na kupata joto asirudishwe humo. Ukitaka kumyeyusha, mwache ndani ya jokofu usiku kucha, si juani wala juu ya meza.

Wahenga walituambia samaki mkunje angali mbichi, nasi tumezoea kulitumia neno hilo kwa malezi ya watoto. Maisha ya Birdseye yamenifanya niliangalie upya kwa maana yake ya jikoni. Lile unalotaka kumfanyia samaki, lifanye mapema. Baridi ni mlinzi mwaminifu, hulinda lile ulilomkabidhi. Ukimkabidhi samaki mzima, atakurudishia samaki mzima. Ukimkabidhi samaki mwenye sumu, atakurudishia sumu yako, nayo haikupungua hata kidogo.

Mzee jirani yangu yu hai, na tungali tunanywa chai pamoja. Mwaka jana nilinunua ngege kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyenifungulia kasha lake, nikaona barafu imejaa juu na chini. Siku hiyo mjukuu wa mzee alikuwa kwangu akicheza na wanangu, na chakula kikawa tayari. Nilikwenda kumwomba babu yake ruhusa. Mzee alitulia kwanza, kisha akaniuliza samaki wale walitoka majini lini, na baina ya maji na barafu zilipita saa ngapi, kama vile angeuliza habari za maziwa. Safari hii nilikuwa na jibu, kwa kuwa nilikuwa nimemwuliza mwuzaji maswali yale yale.

Yeye mwenyewe hakula, wala sikumbembeleza. Lakini mtoto alimruhusu, naye akaketi karibu na kikombe chake cha chai, akamtazama akila mpaka akamaliza.